Kusoma sinema kwenye sekondari: ni masomo ya namna gani, na Malemba-Nkulu inaweza kuanzia wapi?

Kila mwaka masomo yanapokaribia kufunguliwa mwezi wa Septemba, kuna mazungumzo yanayorudi katika nyumba nyingi za Malemba-Nkulu. Mtoto amemaliza mwaka wa 8, sasa anaingia humanite. Baba anauliza: "Unachagua opsioni gani?" Majibu yanajulikana. Pedagogi, kwa sababu kazi ya ualimu iko karibu. Komersiali, kwa yule anayetaka ofisi. Bio-kemia, kwa yule anayeota udaktari. Kuna pia kilimo, ushonaji, ujenzi, umeme, kulingana na kile shule ya karibu inatoa. Mtoto akijibu "sinema", nyumba mzima itacheka, na mtu mzima mmoja hatakosa kusema: "Sinema ni muchezo tu, haiwezi kukulisha."

Lakini mtoto huyohuyo, akipewa telefone ya kaka yake, anapiga video. Anapiga ndoa, anapiga mpira, anapiga mitumbwi ikifika bandarini na samaki wa kukausha. Anaweka muziki juu yake, anatuma kwa ndugu walioko Lubumbashi. Hakuna aliyemfundisha. Kumbe ile kazi anayoifanya kwa kujaribu-jaribu ni somo lenye mwalimu, saa na mtihani katika shule za inchi zingine. Makala hii inaeleza somo lile ni nini, linafundishwa wapi, Kongo imefika wapi, na shule isiyo na kamera hata moja inaweza kufanya nini.

Opsioni ya huku si opsioni ya kule

Kwanza inafaa kutofautisha maneno mawili, maana yanachanganya watu. Katika inchi yetu, opsioni ni njia mzima. Ukichagua pedagogi, unabaki ndani yake miaka 4 ya humanite, na Examen d'État utakayoifanya mwishoni ni ya pedagogi. Kubadilisha katikati ni shida, na mara nyingi ni kupoteza mwaka.

Katika inchi nyingi zingine, mwanafunzi ana masomo ya lazima, halafu anaongeza somo moja au mawili ya kujichagulia. Sinema inaingia pale. Ufaransa ni mfano wa zamani: tangu miaka ya 1980, shule fulani za sekondari zinafundisha sinema. Leo mwanafunzi anaweza kuichukua kama somo la kuongeza, saa 3 kwa juma. Anaweza pia kuichukua kama somo kubwa, saa 4 kwa juma katika mwaka wa mbele ya mwisho, na saa 6 katika mwaka wa mwisho. Haachi hesabu wala historia kwa sababu ya sinema. Anavisoma pamoja.

Karibu zaidi na huku, Kenya imebadilisha mfumo wake wa masomo. Sekondari ya juu sasa ina njia tatu, na moja ni ya sanaa na michezo. Ndani ya njia ile kuna somo linaloitwa Tamthilia na Filamu. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo waliingia darasa la 10 mwanzoni mwa mwaka 2026. Tena mbele ya hapo, shule za Kenya zilikuwa tayari zinapeleka filamu fupi katika mashindano ya kitaifa ya drama na filamu ya shule, ambako wanafunzi wenyewe wanaandika, wanacheza na kupiga picha.

Kwa hiyo swali la Malemba-Nkulu si kwamba mtoto aache pedagogi ili awe mtu wa sinema. Swali ni: je, saa mbili au tatu kwa juma za sinema zinaweza kumwongezea kitu yule mtoto wa pedagogi, wa kilimo au wa komersiali?

Wanafunzi wanajifunza nini hasa?

Watu wengi wanafikiri somo la sinema ni kukaa na kuangalia filamu. Kuangalia kuko, lakini ni sehemu moja tu. Kazi ya kutengeneza filamu ina hatua tano, na kila hatua inagusa somo lingine la shule.

Ya kwanza ni kuandika. Filamu inaanza kwenye karatasi. Senario inaeleza mtu anafanya nini na anasema nini, si anawaza nini, kwa sababu kamera haioni mawazo. Watu wa kazi wana kipimo: ukurasa mmoja wa senario ni karibu dakika moja ya filamu. Mwanafunzi anayetaka filamu ya dakika 5 lazima ajue kueleza habari yake katika kurasa 5. Hili ni zoezi la lugha, la Kifaransa, la Kiswahili au la Kiluba.

Ya pili ni kutayarisha. Nani atacheza? Tutapigia wapi? Saa ngapi jua liko vizuri? Ni nani wa kuombwa ruhusa, ni pesa ngapi za chakula na za usafiri? Hapo kuna hesabu na mpango, na mwanafunzi wa komersiali anaona kazi yake.

Ya tatu ni kupiga picha na sauti. Mwanafunzi anajifunza kwamba picha ya mbali inaonyesha mahali, picha ya kati inaonyesha kazi ya mikono, na picha ya karibu inaonyesha uso na moyo. Anajifunza kutoweka mtu mbele ya dirisha lenye mwangaza, kwa sababu uso wake utakuwa mweusi. Anajifunza pia kwamba sauti mbaya inaua filamu haraka kuliko picha mbaya. Mtazamaji anavumilia picha inayotikisika kidogo, lakini upepo ukifunika maneno, anaacha kuangalia.

Ya nne ni montaji, yaani kukata na kuunganisha. Ukiunga uso wa mama anayeangalia mto na mtumbwi mtupu unaofika, mtazamaji anaogopa. Ukiunga uso uleule na mtumbwi uliojaa samaki, mtazamaji anafurahi. Uso haukubadilika, ila kilichowekwa nyuma yake kimebadilisha maana. Mtoto akishafanya zoezi hili kwa mikono yake, hataangalia tena video ya WhatsApp kwa macho yaleyale.

Ya tano ni kuonyesha na kusikiliza watu. Filamu bila watazamaji haijaisha. Mwanafunzi anasimama mbele ya wenzake na wazazi, anaeleza kwa nini alichagua hivi na si vile, na anavumilia maneno ya watu.

Kwa nini jambo hili linagusa Malemba-Nkulu kuliko inavyofikiriwa

Mwezi wa Novemba 2023, watu wengi wa inchi hii walisikia jina la Malemba-Nkulu kupitia video za telefone. Baada ya kifo cha kijana mwenye pikipiki, jeuri ilizuka, watu wenye asili ya Kasai wakalengwa, na kuna waliouawa. Picha zilizunguka toka telefone moja hadi nyingine, zikafika Lubumbashi, Kinshasa na ng'ambo. Kuna waliozituma kwa uchungu, kuna waliozituma kwa hasira, na kuna waliozituma bila kufikiri. Kila aliyezituma aliongeza maneno yake juu.

Hapo ndipo inaonekana kwamba kusoma picha si starehe. Mwanafunzi aliyefundishwa anauliza maswali ya kazi: nani alipiga hii? Alisimama upande gani? Ilianza lini, na ni nini kilikatwa mbele na nyuma? Sauti hii ni ya mahali hapa kweli, ama imebandikwa? Na swali kubwa kuliko yote: nikiituma, ni nani ataumia? Sheria pia iko. Kongo ina kode ya numeriki, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, na mtu anayetumia telefone kusambaza uongo au chuki anaweza kujibu mbele ya tribinali. Lakini kijana wa miaka 16 hasomi kode. Darasani, akiwa na mwalimu na wenzake, anaweza kuelewa kabla ya kufanya kosa.

Kuna upande mwingine. Kama picha pekee za mahali fulani ni za damu, ulimwengu unaamini kwamba mahali pale hapana kingine. Malemba-Nkulu ina Lualaba na wavuvi wake. Ina maziwa ya bonde la Upemba. Ina makaburi ya kale ambayo wachimbaji wa historia, pamoja na Pierre de Maret katika miaka ya 1970, walichimba hapo Malemba-Nkulu na sehemu zingine za bonde kama vile Sanga na Katongo. Yale makaburi yanaonyesha kwamba zaidi ya miaka 1000 iliyopita watu wa hapa walikuwa wakifua chuma na shaba na kufinyanga vyungu vya ajabu. Ni wanafunzi wangapi wa hapa wanaijua habari hii? Na ni wangapi wanaweza kuieleza kwa mtu wa mbali?

Wazee wa Baluba walikuwa na namna yao ya kuhifadhi habari. Ile inaitwa lukasa: ubao mdogo wa mti unaoshikwa mkononi, wenye shanga na alama juu yake. Wenye kumbukumbu wa chama cha Mbudye walikuwa wakipitisha kidole juu ya shanga na kusimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Shanga moja peke yake haisemi kitu. Maana inatoka katika mpangilio na katika mdomo wa yule anayesimulia. Mtu wa montaji ataelewa jambo hili mara moja. Kwa hiyo anayesema kwamba kupanga picha ili kusimulia ni kitu cha wazungu, asahau.

Kongo imefika wapi?

Sinema ilifika Kongo na wakoloni, na kwa muda mrefu kamera ilikuwa mikononi mwa serikali yao na ya wamisionari. Wazee wengine bado wanakumbuka Matamata na Pilipili, vichekesho vilivyotengenezwa Kasai katika miaka ya 1950 na padri Mbelgiji Albert Van Haelst. Wachezaji walikuwa Wakongomani, lakini aliyeamua habari alikuwa padri.

Wakongomani walishika kamera wenyewe baadaye. Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alisoma sinema Ubelgiji kwa sababu masomo yale hayakuwa hapa. Mwaka 1987, pamoja na Benoît Lamy, alitoa La Vie est belle, ambamo Papa Wemba alicheza. Filamu yake Pièces d'identités ilishinda tuzo kubwa ya FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1999.

Kizazi kilichofuata hakikwenda wote Ulaya. Wengi walijifunza katika mafunzo mafupi hapa inchini. Dieudo Hamadi wa Kisangani alipitia njia ile, na mwaka 2010 kazi yake ya mwanzo iliingia katika Congo in Four Acts, filamu inayokusanya kazi nne fupi za vijana Wakongomani. Mwaka 2014 alitoa filamu inayoitwa Examen d'État. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa humanite angefaa kuiona. Inafuata vijana wa Kisangani waliofukuzwa shuleni kwa kukosa pesa za primu ya walimu, wanakusanyika katika nyumba moja kujitayarisha kwa mtihani wao wenyewe. Hakuna mchezaji wa kulipwa ndani yake. Ni maisha ambayo kila familia ya hapa inayajua, na filamu ile ilitembea ulimwenguni. Mwaka 2020, filamu yake nyingine, En route pour le milliard, ilichaguliwa na festivali ya Cannes. Inaonyesha majeruhi wa vita vya siku sita vya Kisangani wanaoshuka mto kwa mashua hadi Kinshasa kudai haki yao.

Katika Katanga ya zamani, Lubumbashi ina Institut des Beaux-Arts iliyoanzishwa mwaka 1951 na mchoraji Laurent Moonens. Mtoto anaweza kusoma sanaa pale kwenye kiwango cha sekondari, hasa kuchora na kuchonga. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipata tuzo Cannes mwaka 2023 kwa filamu yake Augure. Goma, Yole!Africa ya Petna Ndaliko Katondolo imefundisha vijana kutengeneza filamu kwa miaka mingi, nje ya shule. Kwa kifupi, wenye kipaji wako, na kazi zao zinaonekana. Kinachokosekana ni daraja kati ya darasa la kawaida na kazi ile, hasa mbali na miji mikubwa.

Shule isiyo na kamera ianzie wapi?

Opsioni mpya inatoka wizarani. Inataka programu, walimu wenye diploma, na mtihani. Jambo lile si la prefe mmoja wa shule kuamua. Lakini kikundi cha sinema, alasiri moja kwa juma, hakingojei Kinshasa. Prefe akikubali, mwalimu mmoja akijitoa, na telefone moja au mbili zikipatikana, kazi inaweza kuanza.

Zoezi la kwanza lipo tayari, na ni la bei ndogo. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Lumière walionyesha Paris filamu 10, kila moja ya sekunde karibu 50. Kamera haikusogea, hakukuwa na sauti, hakukuwa na montaji. Cinémathèque française imelichukua wazo lile na kulifanya zoezi la wanafunzi: dakika moja, picha moja, kamera imesimama, hakuna kukata. Mwanafunzi wa Malemba anaweza kwenda bandarini, akaweka telefone juu ya tofali, akachagua mahali, akasubiri, akapiga dakika moja. Kuchagua na kusubiri ndilo somo. Kwa nini hapa na si pale? Nini kitaingia katika picha, na kutoka upande gani?

Hesabu ya vitu ifanywe mapema. Dakika moja ya video ya kawaida ya telefone nzuri inachukua karibu mega 100 hadi 130. Wanafunzi 20, kila mmoja na dakika yake, ni giga 2 na zaidi. Karte ya kumbukumbu ya giga 32 inatosha kwa muhula, kama mwalimu anafuta zile mbovu. Montaji inaweza kufanyika kwenye telefone ileile, bila intaneti, programu ikishawekwa. Batri ijazwe mchana kwa pano ya jua. Kuonyesha, flashi moja na televizioni ya mtu mwenye gruupu vinatosha kwa usiku mmoja.

Kwa sauti, redio ya jamii ni shule iliyo karibu. Mafundi wake wanajua namna ya kushika mikro, kukimbia upepo, kusikiliza kabla ya kurekodi. Kikundi kikiingia mara moja kwa mwezi, kila upande unapata: vijana wanajifunza, redio inapata masimulizi ya wazee yaliyorekodiwa vizuri.

Tena kuna masharti yasiyojadiliwa. Mtu anaombwa ruhusa kabla ya kupigwa picha, na anaelezwa itakwenda wapi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu asiyefika miaka 18, kwa hiyo wazazi waombwe kwanza. Maiti, majeruhi na mtu aliyevuliwa nguo havipigwi. Kwenye kilio, familia ndiyo inaamua. Kambi ya askari na vizuizi vya barabarani viachwe kabisa. Msichana wa kikundi asitumwe peke yake kupiga picha jioni, na hakuna mtu wa kumwambia kwamba kazi ya kamera ni ya wavulana.

Na baada ya diploma?

Hapo wazazi wana haki ya kuuliza. Ukweli ni kwamba sinema peke yake inalisha watu wachache Kongo. Kikundi cha shule hakitoi kazi. Kinatoa mikono inayojua kitu. Kijana anayejua kupiga picha na kurekodi anaweza kupiga ndoa na sherehe kwa malipo, kufanya kazi ya redio, au kusaidia mashirika yanayohitaji video za afya na za kilimo. Aliyepata diploma ya serikali, kwa opsioni yoyote, anaweza kuendelea na masomo ya mawasiliano kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au kujaribu Institut National des Arts huko Kinshasa. Ndiyo maana buletini inabaki ya kwanza. Prefe anaweza kuweka kanuni rahisi: anayeshindwa masomo anasimama kwanza kwenye kikundi hadi arudi sawa. Kanuni ile inatuliza wazazi kuliko maneno mengi.

Mwalimu wa pedagogi anaweza pia kuona faida yake mwenyewe. Mwanafunzi wake kesho atafundisha watoto wa primeri kwenye kijiji cha kando ya ziwa, bila vitabu vya kutosha. Akiwa na video tatu alizotengeneza mwenyewe, moja juu ya kunawa mikono, moja juu ya samaki wadogo wasiofaa kuvuliwa, moja juu ya mzee anayesimulia asili ya kijiji, ana vitabu vitatu mfukoni.

Mto unapita mbele ya shule nyingi za Malemba-Nkulu, na mashua zinashuka toka Bukama na watu, bidhaa na habari. Wageni wameupiga picha mara nyingi. Dakika moja iliyopigwa na mtoto aliyeoga ndani yake tangu utoto itaonyesha kitu wao hawakukiona. Wazazi wanaotaka kikundi kama hicho wanaweza kuanza kwa jambo moja jepesi: katika mkutano ujao wa kamati ya wazazi, wamuulize prefe kama kuna alasiri moja ambayo darasa linabaki tupu.